Nyumba Iliyomngoja Oduor

Mtu aliyebeba maji mengi kuliko wote wakati wa kujenga nyumba yangu si mimi, wala si Wepukhulu mume wangu. Ni Selpha. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani namsimulia kwa sababu ya umbea. Umbea ninao, sikatai, lakini safari hii aliyeaibika ni mimi mwenyewe, na nitaeleza hivyo hivyo bila kujipaka mafuta.

Selpha huuza uji nje ya lango la hospitali hapa Kombewa. Uji wa mtama na muhogo, umechachuliwa siku mbili, na ndimu pembeni kwa anayetaka. Mimi hufanya usafi ndani ya hospitali, Wepukhulu ni mlinzi langoni. Tulitoka Bungoma tukisema tutakaa huku miaka miwili, na sasa ni kumi na miwili, watoto wanaongea Kijaluo kuliko Kibukusu. Nilimjua Selpha kwa kikombe cha uji. Wenzake wanaita wateja hadi sauti zinakauka, yeye amekaa tu na ndoo yake, kimya, na bado ndoo yake ndiyo inayoisha kwanza. Siku moja nikamuuliza siri yake ni nini.

"Mama Robinson," akasema, "mtu mgonjwa hataki kelele."

Basi, hiyo ndiyo siri. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari ya mganga.

Kwao ni Nyakach, karibu na Pap Onditi, ndiyo maana huku wanamwita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach; akaolewa huku Seme na Oyugi, fundi wa baiskeli pale sokoni. Oyugi ni mtu mzuri. Ana mdomo, lakini ni mtu mzuri. Walikuwa wanaishi kwenye simba yake, yaani ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujijengea ndani ya boma la babake kabla hajaoa. Simba si ya kuzeekea. Ya Oyugi ilikuwa imepita miaka ishirini, na kuta zake za udongo zilikuwa zimevimba huku, zimebonyea kule.

Mvua ya Aprili ya mwaka juzi, ukuta wa nyuma ukaanguka juu ya kitanda cha binti yao, Akinyi, wa miaka tisa. Ilikuwa saa nane mchana, mtoto yuko shule. Selpha alirudi kutoka hospitalini akakuta udongo umejaa juu ya mto wa mtoto, pale pale kichwa kinapolala. Oyugi aliujenga ule ukuta upya kwa wiki moja. Lakini tangu siku hiyo Selpha alikiweka kitanda cha Akinyi katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne, na mtu akitaka kupita lazima akizunguke.

Mwaka huo huo likaja shirika la msaada kutoka Kisumu mjini, linaitwa Makao Mema. Wanasaidia watu kupata nyumba za matofali. Unalipa kidogo kidogo ukishahamia, lakini bei yenyewe hasa ni jasho. Familia kumi na mbili zinaungana kuwa kikundi, zinajengeana, na nyumba yako haianzwi mpaka mfanye kazi masaa mia tatu kwenye nyumba za wenzenu. Kuchekecha udongo, kubonyeza matofali kwa mashine ya mkono, kuteka maji, kumshikia fundi kamba. Msimamizi wetu aliitwa Gordon, mwanamume wa kofia ngumu ya manjano na daftari, hacheki hata umtekenye.

Selpha ndiye aliyejua udongo kuliko sisi sote. Ule mchanganyiko wa udongo mwekundu na simiti, unafinya bonge mkononi na kuliangusha kutoka kiunoni. Likivunjika vipande vitatu vinne, uko sawa. Likitawanyika, umekauka mno. Sisi tulikuwa tunainama kuhesabu vipande, tunabishana. Selpha hata hakuangusha. Alifinya tu na kusema, "Kikombe kimoja zaidi." Gordon akajaribu mara tatu kumkosoa, akaacha.

Nyumba yangu ilikuwa ya tatu. Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, na maji yakawa yanatoka kule bondeni. Mimi nilikuwa nimeumia mgongo, Wepukhulu yuko kazini. Selpha alikuja alfajiri kabla ya uji, na jioni baada ya uji, mitungi kichwani, kwa wiki tatu. Masaa yake mia tatu yaliisha mwezi wa Agosti na yeye akaendelea kuja. Nikamwambia, "Wewe, umemaliza, kaa kwako." Akasema nyumba haijaisha. Sasa mwelewe kwa nini roho yangu ilimfuata yule mwanamke katika yote yaliyokuja baadaye.

Zamu yake ikafika Septemba. Shamba lipo, babake Oyugi aliwagawia wanawe kabla ya kufa. Gordon akaja na vigingi na kamba kupima msingi. Tuko wote pale, tumeshika majembe, mimi nimeleta hata chapati. Oyugi akatoka, akasimama mbele ya Gordon, akakunja mikono.

"Haiwezekani," akasema.

"Nini haiwezekani?"

"Kaka yangu hajajenga. Oduor ndiye mkubwa. Siwezi kufungua dala kabla yake."

Dala ni boma lako mwenyewe, lenye lango lako. Kwa Wajaluo mdogo hampiti mkubwa katika jambo hilo. Akimpita, wanasema, inakuja chira, ugonjwa usio na dawa, unaokausha watu wa nyumba ile mmoja mmoja, na mara nyingi unaanza na watoto. Mimi haya niliyasikia zamani. Sikudhani mtu anaweza kuyatoa mbele ya majembe kumi na mawili na chapati zinapoa.

Nikashikwa na hasira. "Baba Akinyi, wewe si uko kwaya? Si ndiye unayeitikia amina mpaka kasisi anashtuka? Hiyo chira imekupatia wapi?"

"Mama Robinson," akanijibu, wala hakukasirika, "kwaya ni Jumapili. Chira ni kila siku."

Nikawageukia wenzangu wa kikundi waniunge mkono. Kila mmoja anaangalia viatu vyake. Wakristo wote hao, wamebatizwa wote. "Hayo mambo ya dala sisi hatugusi," mmoja akanong'ona.

Gordon akafunga daftari. Akasema ana heshima kwa mila ya kila mtu, lakini bila mwenye shamba kupiga jembe la kwanza yeye hachimbi. Na mwisho wa awamu hii ni Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Msingi usipokuwa umeanza siku hiyo, nyumba inakwenda kwa familia nyingine, na kama kutakuwa na awamu nyingine baadaye, yeye hajui.

Selpha akainama. Aling'oa vile vigingi, akavifunga pamoja na kamba yake, akaenda kuviweka chini ya kitanda cha mtoto.

Mtasema, si wangemwomba huyo Oduor aje ajenge? Ningefurahi kama dunia ingekuwa rahisi hivyo. Oduor alikuwa Bondo, fundi wa kuchomelea vyuma, na hakuwa amekanyaga nyumbani miaka kumi na mmoja. Sababu ni maiki.

Siku ya kumzika mama yao, watu wamejaa, hema limewekwa, spika mbili kubwa. Mila ni kwamba watoto wanasema kwa mpangilio, mkubwa kwanza. Oduor hayupo. Saa nne hayupo, saa sita hayupo, simu haishiki. Mchungaji anaangalia saa. Mwisho Oyugi akachukua maiki. Angesema tu maneno ya mama yakaisha, lakini si niliwaambia ana mdomo? Akasema, "Kaka yangu mkubwa mnamwona alivyo. Hata leo ana kazi muhimu kuliko mama." Spika zikalipeleka neno hilo hadi barabarani, na barabarani ndiko Oduor alikuwa anashuka kwenye pikipiki. Akasimama langoni. Akasikia. Akaona jeneza likishushwa, akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo, ndugu wa tumbo moja, salamu hakuna.

Wiki iliyofuata Selpha akaniambia, "Twende Bondo." Tukaenda.

Tulimkuta Oduor mkabala na chuo kikuu, kwenye jua kali, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, anatengeneza lango la mtu. Mrefu kama Oyugi, ila huyu maneno yake anayapima. Bridget, mkewe, akatuletea viti na soda. Yadi imejaa milango na madirisha ya nyumba za watu, na wao wenyewe wanapanga chumba kimoja nyuma ya duka. Nyuma ya milango ile niliona msalaba wa chuma umeegemezwa ukutani, umepakwa rangi ya fedha, umeandikwa JACINTA AKINYI. Nilidhani ni oda ya mtu. Akina Akinyi Bondo yote si wamejaa? Nikaona Selpha ameuangalia muda mrefu, kisha akauondolea macho.

"Shemeji," Selpha akaanza, "nimekuja kwa ajili ya nyumba."

Akamweleza yote. Oduor alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Oyugi amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Basi mrudi salama. Oyugi ana mdomo, Nyar Nyakach. Siku ile alijua kuutumia. Autumie tena."

"Shemeji, ukuta uliangukia kitanda cha Akinyi."

Mkono wake ukasimama. Aliuliza kama mtoto aliumia. Selpha akamwambia hapana, alikuwa shule. Akatikisa kichwa kidogo, akateremsha miwani, akarudi kwenye lango lake. Cheche zikaanza kuruka tukaondoka.

Na Oyugi? Tulipomwambia, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi niende Bondo nipige magoti mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu? Aliyechelewa matanga ni yeye!" Selpha alimwomba kwa upole, akamwomba tena, na mara ya tatu akamwambia jambo ambalo sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile: "Baba Akinyi, unaogopa chira itamuua mtoto. Mimi naogopa ukuta." Oyugi akatoka nje, akakaa na baiskeli zake.

Oktoba ikaisha hivyo. Novemba ikaingia na mvua fupi. Kila asubuhi nilimwona Selpha pale langoni na ndoo yake, na kila asubuhi alikuwa amekonda kidogo. Nikimuuliza umelalaje, ananiambia alikuwa anasikiliza kuta.

Ikabaki wiki moja. Ijumaa jioni wakampigia Selpha simu kutoka Pap Onditi, mamake ameteleza amevunjika nyonga. Akaenda na mtoto. Na hapo ndipo akili yangu, ambayo sikuiomba ushauri, ikanipa ushauri.

Nilijiambia, shida ni nini? Shida ni Oduor hana nyumba. Sasa mtu hana nyumba, anajengewa! Kuna pale ndani ya boma ambapo simba ya Oduor ilianguka zamani. Nguzo, fito, udongo, mabati machache yaliyobaki kwangu. Sisi kule kwetu nyumba ya udongo ya vyumba viwili watu sita wanaisimamisha kwa siku moja na jioni wanakunywa chai ndani. Oduor akisikia amejengewa, roho italainika, atakuja, atalala, kwisha. Wajaluo wa kikundi sikuwaambia, si walisema hawagusi? Nikawaita watu wetu. Wepukhulu, binamu yangu Nakhungu ambaye ni fundi, na vijana watatu wa Bungoma waliokuwa wanajenga uzio wa hospitali.

Jumamosi saa moja tuko pale. Oyugi keshaenda sokoni. Kufika saa nne nguzo zimesimama, saa tano tunakandika udongo, nami naimba. Akapita mama mmoja mzee na kuni kichwani. Akasimama. Akauliza hii ni ya nani.

"Ya Oduor," nikamjibu. "Yule wa Bondo."

Kuni zikaanguka. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka mbio, na nikasikia huko njiani anapiga ukemi. Nikamwambia Nakhungu, huyu amefurahi kupita kiasi.

Jamani. Jambo nisilolijua, baada ya miaka kumi ya kula samaki wao, ni hili: Mjaluo mtu mzima akifa bila kuwa na nyumba nyumbani, hawezi kuletwa hivi hivi. Anajengewa haraka kibanda, kwa siku moja, kabla mwili haujafika, ili alale kwake hata usiku mmoja ndipo azikwe. Hicho ndicho kijiji kilichokiona. Boma la marehemu, watu wanajenga mbio mbio, nyumba ya Oduor, na Oduor mwenyewe hayupo.

Ndani ya nusu saa wamefika wanawake wanane wanalia. Mtu akaleta viti. Mwingine akaniuliza mwili uko mochari gani, Bondo au Kisumu. Nikasema, "Mwili gani?" Hakuna aliyenisikia. Mimi, Naswa, ambaye sauti yangu inasikika wodi zote nne, siku hiyo haikunisaidia kitu.

Kisha nikamwona Oyugi. Anakuja anakimbia kutoka sokoni, kiatu kimoja, grisi hadi viwikoni. Alipita kati ya watu kama hawapo, akaenda kuanguka kwenye ule ukuta mbichi, akaukumbatia, udongo ukamjaa kifuani.

"Omera! Ndugu yangu! Oduor! Umeniacha na lile neno! Nilitaka kulirudisha, Oduor, miaka yote hii nilitaka, nikaona haya! Nilidhani umeniachia mama nimzike peke yangu, nikaogopa, ndiyo nikasema vile. Nani ataniambia nimesamehewa sasa? Nani?"

Mimi nalia pia, na najua kabisa mtu hajafa. Nilimshika bega, "Baba Akinyi, sikiliza, mzima, ni mzima!" Akanisukuma.

Sasa kumbe watu walikuwa wamepiga simu. Simu ishirini zilikuwa zimeingia Bondo, za Bridget na za karakana, pole nyingi, na marehemu mwenyewe ndiye aliyezipokea, wapigaji wakidhani anayejibu ni kijana wake wa karakana. Alipanda pikipiki kama alivyo. Alipoingia langoni na miwani ya kuchomelea kwenye paji, wanawake wawili walikimbilia shamba la mahindi. Wengine walikufa ganzi. Oduor akatembea polepole hadi nyuma ya ndugu yake, akasimama akamsikiliza. Hakumkatiza. Alimwacha akalia mpaka pumzi zikamwishia.

"Oyugi," akasema, "umeongea vizuri leo."

Oyugi aligeuka. Sitaeleza uso ule. Alimshika kakake miguu, halafu mikono, halafu akamgusa shavu akaliacha na udongo.

Kisha Oduor akakiangalia kile kibanda. Akakizunguka chote. Aliweka kiganja kwenye ukuta, akakitoa, akaangalia alama aliyoiacha.

"Kumbe ningekufa ningelala hapa," akasema. "Mimi ninayetengeneza milango ya Bondo nzima. Hapa hata mlango hakuna." Kisha akauliza ni nani aliyejenga.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema nilitaka kusaidia, sikujua, anisamehe.

"Huyu ni Mama Robinson," mtu akamwambia. "Mbukusu."

"Ah," akasema Oduor.

Hiyo "ah" inanichoma hadi leo. Lakini alicheka, na watu wakaona ruhusa ya kucheka, na wale wa shamba la mahindi wakatoka. Akasema kibanda kibomolewe sasa hivi, mtu mzima halali kwenye nyumba ya matanga. Atajenga yake mwenyewe, kwenye shamba lake, kwa utaratibu wake. Tulikibomoa kwa mikono yetu sisi wenyewe tuliokijenga.

Selpha akarudi Jumapili. Nilimngoja njiani, nikamwambia yote kabla hajayasikia kwa mwingine. Aliketi chini pale pale kwenye nyasi. Nikadhani amezimia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi machozi, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipoisha.

"Mama Robinson," akasema, "umemuua shemeji yangu ukamfufua siku moja."

Jumatano Oduor akaja na Bridget na mtoto wao wa kwanza. Baba yao hayuko tena, kwa hiyo baba yao mdogo, Mzee Nicodemus, ndiye aliyewaongoza, na alikuwa na haraka kwa sababu ya taarifa ya habari ya saa saba redioni. Mtoto ameshika jogoo, Oduor shoka, Bridget moto. Mzee akaonyesha mahali, nguzo ya kwanza ikasimama, na safari hii kikundi chote kilikuwepo, hata wale walioangalia viatu vyao. Jioni nyumba ilikuwa imesimama, ya udongo, vyumba viwili, na mlango wa chuma wenye maua ambao ungefaa nyumba ya mbunge. Wakalala. Alhamisi Mzee Nicodemus akasema zamani zilihitajika siku nne lakini siku hizi watu wana mambo mengi, siku mbili zinatosha.

Ijumaa saa moja asubuhi, Ijumaa ya mwisho ya Novemba, Selpha akavitoa vile vigingi chini ya kitanda, akaifungua ile kamba. Oyugi akapiga jembe. Gordon akaangalia saa yake, akaandika kwenye daftari, na nawaapia kwamba alitabasamu.

Nyumba ikamalizika Machi. Siku ya kukabidhiwa funguo kulikuwa na hema, na spika mbili, na Gordon akampa Oyugi maiki kama mwenye nyumba. Oyugi akaishika. Kila mtu anakumbuka. Akatembea hadi kwa kakake akampa.

"Wewe ndiye mkubwa," akasema. "Sema kwanza."

Oduor akaipokea. Kisha akaenda kwenye kitu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani kimefunikwa gunia, akalitoa gunia. Ule msalaba wa fedha. Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mpumbavu, Akinyi yule alikuwa nani na mjukuu wake alipewa jina la nani. Nikamgeukia Selpha. Alikuwa amejua tangu Septemba. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumwambia mumewe hata walipokuwa wanakaribia kukosa nyumba, akasema halikuwa neno lake kulisema.

Oduor hakutuangalia. Aliangalia upande wa kaburi, ndani ya boma la zamani.

"Mama," akasema, na spika zikalipeleka hadi barabarani, "nilikuwa nakutengenezea huu. Nilichelewa kwa sababu stima ilipotea Bondo."

Oyugi alikuwa amejifunika uso na kofia. Miaka kumi na mmoja, jamani, kwa sababu umeme ulipotea. Nililia hadi nikaona haya.

Maiki ikabaki hewani hakuna anayeitaka, mpaka Selpha, yule asiyeita wateja, akaichukua. "Uji iko tayari," akasema. "Watu wakunywe."

Wageni walipoondoka na msalaba ulipokwisha kusimamishwa, nilimsaidia kuhamisha vitu. Kitanda cha Akinyi tulikibeba sisi wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukakiingiza kwenye chumba cha mtoto. Nikakitua katikati, nilivyozoea kukiona. Selpha akasimama akakitazama. Aliweka kiganja kwenye ukuta, kama alivyokuwa akifinya ule udongo, akakaa hivyo kidogo.

"Sukuma," akaniambia.

Tukakisukuma hadi kikagonga ukuta. Kisha akachukua mto wa mtoto, akaupangusa, akauweka upande ule ule wa ukuta.